Wasiwasi ukipanda, maneno yashuke: mwongozo kwa nesi wa wodini

Saa nne usiku, kitanda namba 7. Mama wa miaka 40 na kitu, kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Ananiuliza kwa mara ya tatu, "Nesi, kwa hiyo hata chai nisinywe?" Mara ya kwanza nilimjibu kwa urefu. Ya pili kwa mkato. Hii ya tatu nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "mama, si nimeshakwambia," nikaona mikono yake. Alikuwa amesokota pindo la kanga mpaka limekuwa kamba. Mama huyu hakuwa msahaulifu. Alikuwa amejaa, na kila nilichomwambia kilimwagika pembeni kama maji kwenye ndoo iliyojaa.

Muuguzi wa Marekani Hildegard Peplau (1909–1999) ndiye aliyeupanga wasiwasi katika ngazi nne ambazo wauguzi bado tunazitumia: mdogo, wa wastani, mkali, na ule wa juu kabisa ambao hapa nitauita hamaniko. Alichokitazama ni kiasi cha mambo ambayo mtu anaweza kuyaona, kuyasikia na kuyashika kwa wakati ule. Ngazi ya chini, mgonjwa anaona chumba kizima. Ngazi ya juu, anaona sindano tu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua amebakiwa na nafasi kiasi gani, ndipo uchague maneno mangapi ya kumpa.

Hatua ya kwanza: inua shuka

Kabla hujaandika neno "wasiwasi" kwenye faili, hakikisha si mwili unaokuita.

Miaka ya nyuma, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na binti aliyejifungua mtoto wa kwanza. Saa tatu baadaye akaanza kugeuka geuka kitandani, mara akae, mara alale, anasema, "Sista, nahisi nakufa." Tukamwambia ni uoga wa uzazi wa kwanza, apumzike. Presha yake ilikuwa nzuri tu, na hiyo presha ndiyo iliyotudanganya. Mwili wa kijana huishikilia presha kwa muda mrefu hata damu ikiwa inapotea. Kinachokimbia mapema ni mapigo, na yake yalikuwa 124. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anapita ndiye aliyeinua shuka. Damu ilikuwa imefika magotini. Alipona, tunashukuru Mungu. Tangu siku ile, mgonjwa aliyejifungua au kupasuliwa akianza kuhangaika, nainua shuka kwanza, maneno baadaye.

Pima haya kila mara, hata kama unamjua mgonjwa kuwa mwoga: upumuaji (mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na uhesabu dakika nzima, usikadirie), mapigo, presha, joto, oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, na sukari. Sukari inasahaulika mno. Mgonjwa anayetetemeka, anayetoka jasho la baridi na moyo kumwenda mbio anaweza kuwa ana hofu, na anaweza kuwa sukari yake iko chini ya 3.9 mmol/L. Malaria kali hushusha sukari, na kwinini nayo huishusha. Mwenye kisukari aliyechomwa insulini asubuhi kisha akaambiwa asile kwa sababu ya kipimo, huyo usimwambie "tulia". Mpime, na kama anameza, mpe kitu chenye sukari kama gramu 15 hadi 20, kisha mpime tena baada ya dakika 15.

Oksijeni ikishuka, mtu huhangaika kabla hajaanza kuonekana vibaya. Mgonjwa wa nimonia au pumu anayejivua barakoa ya oksijeni na kutaka kutoka nje mara nyingi si mkorofi. Ubongo wake una njaa ya hewa. Aliyeanza kuongezewa damu dakika chache zilizopita akisema "najisikia vibaya, sijui nina nini", simamisha damu hiyo, muwekee salini (maji ya chumvi ya mshipani) kwa mpira mpya, kisha ita daktari. Mtu aliyelala siku nyingi na mguu mmoja umevimba, halafu ghafla kifua kinabana na anapumua haraka, anaweza kuwa na donge la damu kwenye mapafu. Salbutamol, dawa ya pumu, nayo hutetemesha mikono na kukimbiza moyo, hivyo tazama chati ya dawa kabla ya kumtazama usoni.

Halafu kuna pombe. Baba aliyelazwa jana kwa kuvunjika mguu, leo anatetemeka, anatoka jasho, halali. Muulize kwa heshima, ndugu zake wakiwa mbali: "Baba, kinywaji huwa unatumia? Mara ya mwisho lini?" Mwili uliozoea gongo au mbege kila siku huanza kudai ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, degedege linaweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Huyu anahitaji daktari na dawa, na ni hatari kumwachia apambane mwenyewe usiku kucha.

Mzee aliyekuwa mzima kiakili jana, leo hajui yuko wapi na asubuhi anakuwa afadhali kuliko usiku, naye si wa kuandikiwa wasiwasi. Tafuta maambukizi, mkojo uliobana, maumivu, dawa mpya.

Hatua ya pili: sikiliza anavyoita

Sijawahi kumpata mgonjwa aliyeniambia "nina wasiwasi wa kiwango cha wastani". Watasema nina mawazo. Presha imepanda. Moyo unanidunda. Roho iko juu juu. Tumbo linanisokota. Mwili unakufa ganzi. Wazee wa pwani bado utawasikia wakisema "nina kiherehere cha moyo", nao hawamaanishi kile kiherehere cha vijana wa leo cha kujipendekeza mahali usipohitajika. Wanasema moyo hautulii, na ni malalamiko ya kuandika.

Wanaume wazima wengi hawasemi kabisa. Ukimsalimia, "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" atajibu marahaba, sijambo, hamna tatizo. Kisha utamwona ameenda chooni mara sita ndani ya saa mbili, au anamfokea mkewe kwa uji kuchelewa. Hasira wodini, nimejifunza, mara nyingi ni woga uliovaa koti.

Njia yangu ya kupima ngazi ni rahisi na haihitaji karatasi. Mweleze jambo moja fupi, kisha mwambie, "Hebu niambie, umenielewa vipi?" Mwenye wasiwasi mdogo atakurudishia yote na kuongeza swali lake. Mwenye wasiwasi wa wastani atakurudishia nusu, na ukimkumbusha atakamata iliyobaki. Mwenye wasiwasi mkali atarudia kitu kimoja tu, kwa mfano damu au sindano, hata kama wewe ulizungumzia choo. Aliyehamanika hatakujibu, au atajibu jambo lisilohusiana na swali.

Lipo pia dodoso la maswali saba liitwalo GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006. Pointi zake ni 0 hadi 21, na mipaka ni 5, 10 na 15. Ni zuri kliniki, kwa mtu aliyekaa chini na kukumbuka wiki mbili zilizopita. Saa nane za usiku mbele ya mtu anayetweta, liache kabatini.

Wasiwasi mdogo: mfundishe sasa

Huyu yuko macho, anauliza maswali ya maana, pengine anachezesha mguu. Wasiwasi huu humsaidia. Ndio wakati wa kumfundisha kujidunga insulini, kumweleza mazoezi ya kupumua baada ya upasuaji, kumsainisha fomu ya idhini baada ya daktari kumweleza. Kosa letu ni kumwacha kwa sababu "hana shida", kisha tunamwendea na fomu asubuhi akiwa tayari juu ya machela, keshapanda ngazi mbili.

Wasiwasi wa wastani: mpunguzie mzigo, mpe jambo la kufanya

Hapa ndipo alipokuwa mama wa kitanda namba 7. Sauti imepanda kidogo, misuli imekaza, mapigo yameongezeka, kichwa au tumbo vinamsumbua, na anashika jambo moja moja tu. Bado anafikika.

Kaa. Usisimame mlangoni na sinia la dawa mkononi, maana mwili wako unamwambia unaondoka. Hata dakika tatu za kukaa zinamtosha kuliko kumi za kusimama. Sema kile unachokiona, bila kumhukumu: "Mama, naona kama kuna jambo linakusumbua." Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi ni mrefu kwa nesi mwenye wagonjwa 30, lakini ndimo jibu linamotoka. Yule mama alinyamaza, akatazama dirishani, akasema, "Dada yangu aliingia huko hakutoka." Chai haikuwa na lolote.

Hapo neno la kwanza ni pole. Pole mama. Kiswahili kimetupa neno lisilotoa ahadi, lisilobisha, wala lisilomharakisha mtu, na ajabu ni kwamba wodini tunalitumia kidogo kuliko "usijali". Ukimwambia usijali umemwambia kwamba anachokijali hakina uzito. Na usiahidi kwamba kila kitu kitakwenda sawa. Huna mamlaka hayo, na mgonjwa anajua huna.

Kisha muulize anajua nini, mwongezee kinachokosekana kwa sentensi fupi, moja baada ya nyingine. Dada yake alikwenda lini, kwa ugonjwa gani, nani atakuwepo kesho, ganzi itachomwa mgongoni akiwa amekaa, atasikia watu wakiongea lakini hatasikia maumivu, akisikia aseme. Mwachie achague jambo dogo: kanula (mrija wa mshipani) mkono upi, nani amsindikize mpaka mlangoni. Mpe na kitu cha kufanya kwa mwili, kutembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, au kupumua kwa hesabu: ndani mpaka nne, nje mpaka sita. Mambo ya kukumbuka mwandikie kwenye karatasi. "Kuanzia saa sita usiku sili" kwenye kipande cha karatasi chini ya mto lilifanya kazi kuliko mdomo wangu.

Wasiwasi mkali: sentensi moja, mtu mmoja

Sasa hawezi kujifunza wala kupanga, na maamuzi yamemshinda. Anatembea huku na huku au ameganda. Moyo unakimbia, anatetemeka, anahisi kichefuchefu, kizunguzungu, anasema kuna jambo baya linakuja na hawezi kulitaja. Ukimweleza, unamwongezea mzigo.

Usimwache peke yake. Ita mwenzako abebe wagonjwa wengine kwa muda. Punguza kelele: funga pazia, zima televisheni ya wodi, waombe ndugu watoke isipokuwa mmoja aliyetulia, naye umchague kwa utulivu wake, hata kama kuna mwingine aliye karibu zaidi kwa damu. Shangazi anayelia kwa sauti anampenda kweli, lakini nje.

Sema polepole, sauti ya chini, sentensi isiyozidi maneno matano au sita. "Niko hapa na wewe." "Kaa hapa." "Miguu chini." Usimuulize kwa nini; akijua kwa nini asingekuwa hivi. Akitaka kutembea, tembea naye, upande wake, kisha punguza mwendo wako taratibu naye atapunguza wake. Kumshika mkono kunasaidia wengi na kunawatisha wengine, hasa mwanamke na nesi wa kiume, au aliyewahi kuumizwa. Uliza: "Nikushike mkono?"

Fomu ya idhini haisainiwi hapa. Ukimpa kalamu atasaini chochote ili umwondokee, na hiyo si idhini. Mwambie daktari mgonjwa hayuko tayari. Kama si dharura, upasuaji unaweza kusubiri saa moja.

Akishashuka kidogo, na si kabla, muulize swali ambalo wengi tunaliogopa: "Umefikia kuwaza kujidhuru, au kwamba afadhali ufe?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, haachwi bila mtu hata kwenda chooni, ondoa vya kujidhuru karibu yake, na daktari ajue saa hiyo hiyo.

Hamaniko: wewe ndiye ukuta

Huyu anaweza kupiga kelele, kukimbia, kurarua kanula, au kinyume chake, kukauka kama gogo macho yamemtoka. Anaamini anakufa. Anapumua haraka mno, anapoteza hewa ya kaboni, ndiyo maana vidole na midomo vinamwasha na mikono inaweza kukakamaa. Mikono ile ikikakamaa, ndugu watasema ni degedege, wengine watasema ni majini. Mgonjwa mwenyewe akiiona inakakamaa, hofu inapanda tena.

Simama anapokuona; kama amekaa, chuchumaa uwe chini ya urefu wake. Usimzibe mlango. Jitambulishe hata kama anakujua. "Mimi ni nesi wako. Uko wodini. Hauko peke yako." Rudia maneno yale yale, usitafute mapya. Mwongoze kwenye kutoa pumzi, maana kumwambia "vuta hewa kwa nguvu" kunamzidishia. "Puliza kama unapoza uji wa moto. Taratibu. Tena." Na wewe upulize naye, kwa sauti asikie.

Ule mtindo wa kupumulia mfuko wa karatasi uache kabisa. Ukikosea, na kumbe mtu ana pumu au tatizo la moyo, umemnyima hewa kwa mkono wako. Kumfunga kamba kitandani au kumkandamiza watu wanne kunamthibitishia kwamba anauawa. Ni njia ya mwisho kabisa, kwa sababu ya usalama tu, kwa muda mfupi, kwa utaratibu wa hospitali, na iandikwe.

Shambulio la hamaniko kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka. Likizidi nusu saa, au likija na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kuzimia, oksijeni iliyoshuka, rudi hatua ya kwanza na daktari awe njiani. Mtu wa makamo anayepata hali hii kwa mara ya kwanza apimwe moyo kabla ya kuitwa mwoga.

Likishapita atakuwa amechoka na ana aibu. Mpe maji, kitambaa cha kujifuta uso, mbadilishie shuka kama amejikojolea bila kusema lolote. Mwambie kwa sentensi mbili kilichotokea mwilini mwake. Mafundisho mengine ni ya kesho. Na ukitaka kumpa rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili, mweleze vizuri unampeleka kwa nani na kwa nini, kwa sababu Tanzania ukitaja tu daktari wa akili, wengi wanasikia "Mirembe", ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na utakuwa umemrudisha ulikomtoa.

Kuhusu sindano

Usiku wenye wagonjwa wengi na nesi mmoja, diazepam, dawa ya kutuliza, inavutia. Ina mahali pake: kujitoa kwenye pombe, hamaniko lisiloshuka, daktari akiandika. Lakini hupunguza upumuaji, na zaidi kwa mtu aliyepewa dawa kali za maumivu kama pethidini au mofini. Mzee atadondoka akienda chooni. Na ikizoeleka haiachiki kirahisi. Ikitolewa kwenye mshipa iende polepole, oksijeni na vifaa vya kumsaidia kupumua viwe karibu, na ukae naye. Kwa waliotoka kwenye ajali au msiba, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za jamii hii zisitolewe kupunguza dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mtu aliyefiwa jana anahitaji watu kuliko kidonge.

Dua, nazo, ziachie nafasi. Mgonjwa akiomba shehe au padri, au aanze mwenyewe kuvuta uradi au kushika rozari, usimkatishe kwa ajili ya kupima joto. Nimeona mapigo yakishuka hivyo mbele ya macho yangu. Ninachokataa ni dua inayosomwa kwa kumpigia kelele sikioni, na maji ya kunywa kwa mtu anayesubiri nusu kaputi.

Mikono yako mwenyewe

Wasiwasi huambukiza, tena nesi huambukizwa kwanza. Ukijikuta unaongea haraka, unamjibu kwa mkato, unatafuta kisingizio cha kutoka, basi umeupokea. Simama nje ya pazia, toa pumzi ndefu mbili, ndipo uingie. Ukishindwa, mwite mwenzako abadilishane nawe. Kuna wagonjwa wanaotugusa mahali petu, na hilo si udhaifu wa kazi.

Andika, kisha kabidhi

"Mgonjwa ana wasiwasi, amepewa ushauri" haimsaidii anayeingia zamu. Mimi usiku ule niliandika hivi: Saa 4:15 usiku. Anasokota kanga, anarudia swali la kutokula mara tatu, anashika sentensi moja moja. Mapigo 104, upumuaji 22, presha 138/86, oksijeni 98, sukari 5.4, hana damu inayotoka. Anasema dada yake alifia chumba cha upasuaji. Wasiwasi wa wastani. Nimekaa naye dakika 10, nimemweleza ganzi ya mgongo, nimemwandikia muda wa kutokula. Saa 5:00: mapigo 88, anarudia maelezo yote kwa usahihi, amelala saa 5:40.

Asubuhi niliposindikiza machela, nesi wa chumba cha upasuaji alipokea faili, akaanza kufungua kurasa. Nikamwambia mambo mawili ambayo faili lisingemwambia kwa sauti: anataka amwone daktari wa ganzi usoni kabla hajazungushwa mgongo, na asishikwe mabega kutoka nyuma bila kuambiwa. Akaitikia, akamwinamia mama. "Shikamoo mama. Mimi ndiye nitakuwa mbele yako muda wote." Ile kanga mama aliniachia mimi. Ilikuwa imekunjwa vizuri.